Baba na mwana katika selo moja: filamu ya mtu aliyefungwa bure tuiamini kiasi gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Ananiita Maître kwa kuwa mimi ni avoka, yaani wakili. Nalifupisha: "Maître, tuliangalia kwa Kifaransa filamu ya In the Name of the Father, ile ya baba na mtoto wake waliofungwa Uingereza kwa ajili ya mabomu ambayo hawakutega. Nililia sana. Kesho yake nikasoma kwamba baba yule na mwanawe hawakuwahi kulala selo moja. Nikajisikia kama mtu aliyeibiwa. Kama walitudanganya hapo, nitajuaje kwamba kweli hakuwa na kosa? Nauliza kwa sababu kikundi chetu cha tiatre kinataka kutengeneza filamu ya namna hiyo juu ya baba mmoja wa kartie yetu. Alihukumiwa kwa kifo cha mtu, akakaa gereza la Kasapa miaka, kisha rufaa ikamwachilia. Tufanye namna gani tusiseme uongo?"

Dada, nianze na kile kilichokuuma. Ulichosoma ni kweli. Gerry Conlon na baba yake Giuseppe hawakuwekwa selo moja, na hata kesi yao haikuwa moja, ingawa filamu inawakalisha kizimbani pamoja. Gerry na wenzake watatu walihukumiwa Oktoba 1975 kwa mabomu ya baa za Guildford, yaliyoua watu watano tarehe 5 Oktoba 1974. Giuseppe alikuwa ametoka Belfast kwenda London kumtafutia mwanawe wakili. Huko akakamatwa na yeye, akahukumiwa Machi 1976 pamoja na familia ya Maguire, jamaa zao, kwa hoja kwamba mikono yao ilikuwa na chembe za kilipuzi. Alifariki Januari 1980, bado ni mfungwa.

Lakini angalia tarehe. Filamu ilitoka 1993. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilifuta hukumu ya Gerry na wenzake tarehe 19 Oktoba 1989, na ile ya baba yake na familia ya Maguire mwaka 1991. Waziri mkuu Tony Blair aliwaomba radhi hadharani mwaka 2005. Kwa hiyo usafi wa Gerry haukutegemea filamu hata siku moja. Filamu hiyo yote ungeitupa mto Lubumbashi, hukumu ya 1989 ingebaki pale pale. Wewe ulifika kwenye kesi kupitia mlango wa filamu, ndiyo maana mlango ulipotikisika ukadhani nyumba nzima inaanguka.

Sasa, uongo wenyewe. Mimi ile selo moja naisamehe. Mwongoza filamu alitaka kusimulia habari ya kijana aliyemdharau baba yake akaja kumheshimu gerezani, na watu wawili hawawezi kuzungumza saa mbili za sinema kwa barua. Haimpunguzii mtu haki yake, haimwongezei mtu kosa.

Nisichokisamehe ni ile sehemu ya mwisho mahakamani, ambayo nadhani ndiyo iliyokupendeza zaidi. Wakili Gareth Peirce anasimama, anatoa karatasi iliyofichwa, anapaza sauti, ukumbi unalipuka, milango inafunguka. Kuna chembe ya ukweli ndani yake, kwa kuwa maelezo ya shahidi mmoja yalifichwa kweli na watetezi hawakuyapata kwa wakati. Ila Peirce alikuwa wakili wa kuandaa kesi. Waliosema mbele ya mahakama ile walikuwa mawakili wengine. Tena siku ile hapakuwa na vita: upande wa mashtaka wenyewe ulikuwa umetangaza kwamba hautatetea tena hukumu ile.

Kwa nini? Hapa ndipo napapenda. Wapelelezi wa polisi ya mkoa mwingine, walipotumwa kuchunguza upya, walikuta katika mafaili ya zamani kurasa zilizopigwa taipu za mahojiano ya mmoja wa wale wanne, Patrick Armstrong. Zilikuwa zimekatwakatwa, maneno yameongezwa, mengine kwa mkono. Wakazilinganisha na yale maandishi ya mkono yaliyopelekwa mahakamani mwaka 1975, ambayo polisi waliapa kwamba waliyaandika palepale, mtu akizungumza. Maandishi yale ya mkono yalikuwa yanafuata nakala iliyosahihishwa. Maana yake, kilichoitwa maneno ya mshitakiwa kilitungwa kwanza, kikarekebishwa, kisha kikanakiliwa kwa mkono ili kionekane kibichi. Jaji mkuu alisema polisi lazima walidanganya. Baadaye polisi watatu walishitakiwa, na mwaka 1993 wakaachiliwa.

Fikiria filamu ambayo ingekaa juu ya kurasa zile. Kidole kinashuka mstari kwa mstari, taipu upande huu, kalamu upande ule. Mimi ningeiangalia bila kupepesa macho. Badala yake tulipewa kelele za mahakamani, na watu wengi wakarudi nyumbani wakiamini kwamba haki inapatikana kwa wakili mwenye sauti kubwa. Kila juma mtu ananijia ofisini na imani hiyo. Anauliza kama ninajua kupiga kelele, hata hajafungua bahasha ya karatasi zake.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa kikundi chenu ni hii, na karibu yote mengine yanatoka humo: msiigize namna uhalifu ulivyofanyika, igizeni namna karatasi ilivyotengenezwa. Usiku wa kifo hamkuwepo. Mkimpa muigizaji kisu na kivuli mkamwambia achome, tayari mmejifanya mashahidi. Tena watu wataamini macho yao kuliko maneno yenu. Baba yule alifungwa kwa sababu mtu fulani alisimulia vizuri jambo ambalo hakuliona. Ninyi msirudie.

Najua utaniambia kwamba filamu nyingi za aina hii, ambazo watu wa sinema wanaziita dokudrama, zinaonyesha uhalifu wenyewe. Ni kweli, na kuna moja iliyofanya hivyo kwa akili. Errol Morris, Mmarekani, alitoa mwaka 1988 filamu ya The Thin Blue Line juu ya Randall Dale Adams. Huyu alihukumiwa kifo huko Texas kwa kumuua polisi Robert Wood, aliyepigwa risasi usiku wa Novemba 1976 mjini Dallas alipolisimamisha gari. Mwaka 1979 zilibaki siku chache tu auawe, mahakama kuu ya nchi ikasimamisha, na adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha.

Morris aliigiza kusimamishwa kwa lile gari, tena mara nyingi. Lakini kila mara aliigiza neno la shahidi mmoja. Huyu anasema dereva alikuwa na nywele hivi, gari linakuja na dereva huyo. Mwingine anasema vingine, gari linarudi limebadilika. Ukifika katikati unaanza kucheka kwa uchungu, kwa sababu umeona kwa macho yako kwamba mashahidi hawa hawawezi wote kuwa wakweli. Hakuna hata mara moja filamu inapokuambia "ndivyo ilivyokuwa". Inakuambia "huyu ndivyo alivyoapa".

Na mwisho wake ni kinyume kabisa cha ule wa Gerry Conlon. David Harris, yule kijana aliyemsingizia Adams, anahojiwa gerezani, ambako yeye mwenyewe alikuwa anangoja kuuawa kwa mauaji mengine. Siku hiyo kamera ilikuwa imeharibika, Morris akabaki na kinasa sauti tu. Basi katika filamu tunaangalia kinasa sauti kidogo, mkanda unazunguka, na sauti ya Harris inakaribia sana kukiri kwamba Adams hakuua. Machi 1989 Adams alitoka, baada ya miaka kumi na miwili. Filamu hiyo haikuzalisha machozi tu. Ilileta mahakamani kitu ambacho hakikuwepo kwenye faili.

Sasa turudi Lubumbashi. Baba yenu alipokamatwa aliulizwa maswali kwa lugha gani? Karibu kila mara hapa kwetu OPJ, yule afisa wa polisi anayepeleleza, anauliza kwa Kiswahili, mtu anajibu kwa Kiswahili, na PV, yaani karatasi ya mahojiano, inaandikwa kwa Kifaransa. Halafu anasomewa, au haambiwi kitu, anaweka sahihi. Ile karatasi inapanda parke, ofisi ya waendesha mashtaka, kutoka parke inakwenda kwa hakimu, na kuanzia hapo hakuna anayekumbuka kwamba yule mtu hakusema hata neno moja la yale yaliyoandikwa.

Nikupe mfano, si wa kesi yenu. Anaulizwa: "Saa mbili ya usiku ulikuwa wapi?" Anajibu: "Nilikuwa kwa shemeji, nikatoka kidogo kununua unga wa bukari, nikarudi." PV inasema kwa Kifaransa kizuri: anakiri kwamba aliondoka mahali hapo mnamo saa mbili usiku. Unga umepotea. Shemeji amepotea. "Kidogo" imepotea, na kurudi kumepotea. Kumezaliwa neno "anakiri". Hakuna aliyempiga mtu, na huenda OPJ hakuwa hata na nia mbaya. Alikuwa na joto, na faili kumi nyingine zinamngoja.

Hicho ndicho muigize. Kamera ikae juu ya kalamu. Muigizaji aseme kwa Kiswahili chetu cha Katuba, na maneno yanayoandikwa chini ya picha yasiwe tafsiri ya anachosema. Yawe ni yale yanayoandikwa kwenye PV wakati huohuo. Mdomo unasema hili, chini kunaandikwa lile. Mtazamaji asiyekuwa na sheria hata kidogo ataelewa katika dakika mbili jambo ambalo mimi hunichukua asubuhi nzima kulieleza mahakamani.

Na wekeni tarehe na saa. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 2006 kinataka mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, tena katika lugha anayoielewa, na kinasema kukaa mikononi mwa polisi kusipite saa 48. Zikiisha aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Faili lenu lina tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kufika parke. Ziandikeni zote mbili kwenye picha, mnyamaze. Watu watahesabu wenyewe.

Bila shaka kabla ya hapo lazima mlipate faili. Baba mwenyewe, au avoka wake, aende kwa karani wa mahakama aombe kopi zenye muhuri za hukumu zote mbili, ile ya kwanza na ile ya rufaa. Kuna ada ya kulipa, na kuna kungoja. Hukumu ni jambo la hadharani: Katiba inataka iandikwe, itolewe sababu, isomwe mbele ya watu. Ombeni pia kuona daftari la vikao, ambalo makarani wanaliita plumitifu, maana humo ndimo kumeandikwa nani alifika, nani hakufika, kesi iliahirishwa mara ngapi na kwa nini. Filamu nyingi zinaruka mambo ya kuahirishwa kwa sababu yanachosha. Ninyi msiyaruke. Mke wa mfungwa anayepanda basi na sufuria ya chakula kwenda kikaoni, anakuta hakimu hayupo, anarudi, juma lijalo tena vilevile, huyo ni nusu ya habari yenu.

Mtabuni baadhi ya mambo, hamwezi kukwepa. Hakuna PV ya usiku wa kwanza selo. Hakuna daftari la yale ambayo mama alimwambia mtoto aliyeuliza baba yuko wapi. Juu ya hili sihitaji kwenda Uingereza wala Texas, kwa kuwa mji wetu ulikuwa na fundi wake. Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya nchi nzima katika picha zipatazo mia moja, na mengi kati ya hayo hakuyaona. Alipochora Lumumba na wenzake Mpolo na Okito wamelala wamekufa, aliweka misalaba mitatu kwa nyuma. Hakuna aliyeangalia picha ile akadhani kwamba kulikuwa na misalaba porini mwezi Januari 1961. Kila mtu anajua kwamba hapo anazungumza Tshibumba.

Nanyi mnapobuni, pawe na kitu kinachoonekana. Rangi inabadilika, au muziki unaanza, au mtu anaigeukia kamera na kusema "hapa hatuna karatasi". Chagueni alama moja mtumie hiyohiyo tangu mwanzo. Ingekuwepo katika ile selo ya baba na mwana, usingejisikia umeibiwa.

Neno moja kwa waigizaji wako. Sisi watu wa mji huu tumelelewa na tiatre ya Groupe Mufwankolo: mchezo hauandikwi, unazungumzwa, kila mmoja anaujaza kwa kipaji chake mpaka unakomaa. Ni urithi mzuri, utumieni nyumbani, sokoni, kwenye kilio. Lakini mkiingia ofisi ya OPJ na ukumbi wa mahakama, kipaji kifungwe. Hapo yasomwe yale tu yaliyo kwenye karatasi. Muigizaji anayecheza hakimu akiongeza kijineno kimoja cha kuchekesha, umempa mtu halisi maneno ambayo hakusema. Na huyo mtu halisi anaishi, pengine mnakutana naye misa ya pili.

Hapa nageuka kuwa avoka kabisa, nisamehe. Kifungu cha 74 cha sheria yetu ya adhabu kinamwadhibu anayemtupia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo maalum linaloharibu heshima yake: siku nane mpaka mwaka mmoja gerezani, au faini, au vyote viwili. Rufaa ilisema nini hasa? Ilisema baba yenu hakuthibitika kuwa na kosa. Sidhani kama ilisema nani aliua. Kartie nzima ina jina lake, najua, kila kartie huwa nalo. Jina hilo lisiingie kwenye filamu, wala uso unaofanana naye, wala gari la rangi ileile. Kifungu cha 17 cha Katiba, kinachosema mtu hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, kilimlinda baba yenu siku zote zile hata kama hakuna aliyekikumbuka. Kinamlinda na yule mwingine.

Tena kuna watu ambao katika barua yako ndefu hukuwataja. Mtu alikufa. Ana mama, ana watoto, na wao siku ya rufaa walitoka mahakamani mikono mitupu. Kwao filamu yenu ni habari ya mtu aliyeponyoka. Nendeni kwao kabla ya kushika kamera, muwe na mtu mzima, asiwe mmoja wa vijana peke yake, mwelezeni mnachotaka kufanya na mnachokataa kufanya. Wakikataa kuongea, sawa. Wasije tu wakagundua kwenye simu ya jirani.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa, kama filamu inaweza kumtoa mtu gerezani. Huwa inategemea karatasi zilizokwisha kuwepo. Uingereza, Januari 2024, tamthilia ya televisheni ya siku nne, Mr Bates vs The Post Office, ilionyesha wasimamizi wa posta ndogo walioshitakiwa kwa wizi kumbe programu ya kompyuta ndiyo iliyokuwa inakosea hesabu. Walihukumiwa zaidi ya watu 900. Hakimu alikuwa ameshasema tangu 2019 kwamba programu ile ina kasoro, na 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Wengine wakabaki wanangoja. Tamthilia ikaonyeshwa, nchi ikakasirika, na Mei mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Filamu iliwasukuma watu waamke wasome kilichokuwa mezani.

Omar Raddad hakupata bahati hiyo. Alihukumiwa Ufaransa mwaka 1994 miaka kumi na minane kwa kumuua mwajiri wake, rais akampunguzia adhabu, akatoka 1998. Filamu juu yake ilitoka 2011, nzuri, watu wakamwamini. Mahakama ya marejeo, inayopima kama kesi iliyokwisha ifunguliwe upya, ilikataa ombi lake 2002, ikakataa tena 2022. Mpaka leo kwa sheria ni mwenye hatia. Hapa kwetu pia njia ya marejeo ipo, mbele ya Mahakama ya Kasasyon, iliyo juu ya mahakama za rufaa, na inataka jambo jipya ambalo mahakimu hawakulijua. Machozi ya watazamaji hayamo katika orodha. Kwa bahati baba yenu haihitaji njia hiyo, kwa kuwa rufaa ilitosha.

Kilichobaki ni kati yenu na yeye. Adams, yule wa Texas, baada ya kutoka alifikishana mahakamani na Morris, mtu ambaye filamu yake ilimfungulia mlango, kwa sababu ya haki juu ya habari ya maisha yake. Wakapatana bila hukumu. Basi andikeni mapatano sasa, mkiwa bado mnapendana: habari ni ya nani, pesa ikija inagawanywaje, anaweza kusimamisha nini na mpaka lini, nani anaiona filamu kwanza. Msimwombe acheze nafasi yake mwenyewe; pingu za tiatre nazo ni pingu, azungumze tu ameketi kwake. Na andikeni nani atakayetunza picha ambazo hazitatumika, maana katika saa zile zote za kuzungumza atakuwa ametaja majina.